Kanisa Lilipohamia kwa Dobi

Asubuhi ya Jumapili ya Epifania ufunguo wa kanisa ulikatikia kwenye kitasa, na mvua nayo ikaona hapohapo ndipo pa kuanzia.

Ng'ambo ya barabara, dobi mmoja mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pasi, hakuwa na habari. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ndefu akimalizia kunyoosha joho jeupe la mchungaji. Pembeni yake mashine ilikuwa ikifua nepi. Nyuma ya pazia, chumbani, walilala mkwe wake na mjukuu mchanga ambaye kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimedondoka.

Mwanawe wa pekee alikuwa mchomeleaji mabomba katika nchi ya mbali, na hukohuko ndiko alikooa. Mkewe alipokaribia kujifungua, akamsafirisha aje kwa mama. "Mkataba ukiisha na mimi nakuja," alisema kwenye simu. Basi wakabaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja, na kila mmoja na lugha yake.

Na Bibi Pasi alikuwa mtu wa maneno. Kutwa nzima mdomo wake ulikwenda sambamba na pasi. Kuletewa mkwe anayejua "asante", "maji" na "pole" tu kulimkaba roho. Dawa aliyoiona ni kupaza sauti, kana kwamba lugha isiyoeleweka ikipigiwa kelele itaingia.

"CHAI! UNATAKA CHAI?"

"Pole," mkwe alijibu, akitabasamu kwa adabu.

"Pole ya nini sasa? Kwani nimeungua?" Bibi Pasi alinung'unika akirudi kwenye meza yake.

Kanisani walimuuliza kila wiki, "Mkweo utatuletea lini tumwone?" Naye alijibu, "Bado hajapata nguvu." Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa. Kichwani mwake alishamwona binti wa watu ameketi kwenye benchi la kanisa kama gogo, hajui wimbo wala sala, huku wanawake wakinong'ona kwamba kijana wake kaoa bubu. Hata hakujua huyo binti anamwabudu nani. Jioni alimsikia akimwimbia mtoto kwa sauti ya chini nyuma ya pazia, lakini kama ilikuwa sala au wimbo wa kumbembeleza tu, hakuwahi kuuliza. Angeuliza kwa maneno gani?

Mlango ukasukumwa, akaingia mchungaji, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu.

"Mama, joho liko tayari?"

"Liko tayari, ila bado la moto. Usije ukasema nimekupika."

"Nitalivaa, ingawa sijui nitalivalia wapi. Mzee wa kanisa kavunja ufunguo. Nusu anayo mkononi, nusu imo ndani ya kitasa."

"Na watu?"

"Wamebanana kibarazani, wengine wananyeshewa. Nafikiri nitawaambia warudi makwao."

"Warudi? Leo?" Bibi Pasi akauangalia ukumbi wake: meza, benchi la wateja, mashati yaliyotundikwa safu kwa safu. Mdomo ukatangulia kabla ya kichwa. "Walete hapa."

Mchungaji hakungoja aambiwe mara mbili. Alipotoka tu, Bibi Pasi akamkumbuka mkwe wake. Akafunua pazia. Binti alikuwa macho, anamnyonyesha mtoto.

"WATU!" alisema Bibi Pasi, akitanua mikono. "WENGI! KUIMBA!"

"Asante," akajibu mkwe.

Watu wakavuka barabara na miavuli, na mifuko ya plastiki vichwani, na viti vilivyoazimwa kwa majirani. Wazee walipewa benchi. Akina mama waliketi juu ya marobota ya mashuka machafu na kukiri kwamba ni laini kuliko viti vya kanisani. Kwaya ilikosa pa kusimama, ikajipenyeza kati ya nguo, vichwa vikachomoza katikati ya mashati kama watu wanaochungulia dirishani.

"Suruali yangu hiyo!" fundi viatu akapiga ukelele. "Kumbe ilishapona?"

"Ilipona zamani. Wewe ndiye huonekani," Bibi Pasi alimjibu. "Nyamaza tumwabudu Mungu."

Mchungaji akavaa joho lake la moto, akainua mikono, akaanza sala. Mashine nayo ikaanza kukamua. Sakafu ikatetemeka. Mchungaji akapandisha sauti, na mashine ikapandisha yake, mpaka akashindwa kujizuia, akacheka. "Tuisubiri," alisema. Wakaisubiri, wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ilipotulia na kupiga mlio wake wa mwisho, mzee mmoja akaitikia "Amina" kwa nguvu, na hapo hata kwaya ikaangua kicheko.

Likasomwa somo la mamajusi. Mchungaji akafunga kitabu.

"Nilikuwa nimeandika mahubiri marefu," alisema, "lakini karatasi zimelowa." Watu hawakuonyesha masikitiko makubwa. "Kwa hiyo nasema machache. Epifania ni kuonekana. Mtoto alizaliwa kimyakimya, kisha Mungu akataka aonekane. Akawaonyesha nani? Watu wa mbali. Wageni, wenye lugha yao na mavazi yao, wasiojua hata njia, mpaka wakaenda kuulizia kwa mfalme mbaya. Na walipofika, hawakufika hekaluni. Waliingia nyumbani kwa watu. Mimi naamini kulikuwa na nguo za mtoto zimeanikwa, kama hapa. Wakapiga magoti. Pengine Mariamu hakuelewa hata neno moja walilosema, lakini hakuwafungia mlango. Tangu siku ile hakuna mtu anayeweza kusema Yesu ni wa kwetu peke yetu. Wale wageni walikuwa wa kwanza kwenye foleni."

Bibi Pasi alikuwa ameegemea meza yake. Maneno yale yalimpata kama mvuke wa pasi usoni. Asubuhi ile alikuwa ameufungulia mlango mtaa mzima, wenye matope na wasio na matope, na kuna mtu mmoja alikuwa amemwacha nyuma ya pazia.

Kwaya ikaanza wimbo wa nyota, ule wa zamani ambao kila mtu aliukuta. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili ikasikika sauti nyingine, nzito kidogo, imetulia, ikitokea chumbani. Maneno yake yalikuwa mageni, lakini tuni ilikuwa ileile, haikukosea hata kipande. Mwalimu wa kwaya akageuza shingo, kisha akashusha mkono taratibu, na kwaya ikabaki kuimba kwa midomo iliyofumbwa tu chini ya sauti ile.

Bibi Pasi akaitambua. Ndiyo iliyokuwa ikimwimbia mjukuu wake kila jioni. Alikuwa akisikia wimbo alioujua tangu utotoni, na masikio yake yalikuwa yamegoma kuusikia!

Pazia likasogea. Binti akatokea na mtoto kifuani, amefumba macho, anaimba. Alipoyafumbua na kuona watu wote wanamtazama, akaacha kuimba.

"Pole," alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Bibi Pasi alifika pale kabla hajajua kama ameondoka mezani. Akamshika kiwiko.

"Pole ya nini, mwanangu?" alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Imba."

Neno lenyewe binti hakulijua, ila mkono aliuelewa. Akaletwa mpaka katikati ya ukumbi, akaanza tena. Akaimba kwa lugha yake, na wao wakamwitikia kwa Kiswahili, na hakuna aliyejali kwamba maneno yanagongana njiani. Mvua ilipiga bati, watoto wakapiga makofi, na fundi viatu akajifuta machozi kwa taulo la mteja.

Wimbo ulipoisha, Bibi Pasi alisafisha koo.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Na huyu ni mjukuu wangu. Mmeniuliza sana. Haya, njooni muwaone."

Mchungaji akamwekea mtoto mkono na kumwombea. Kisha ikawa foleni. Kila aliyepita alimpa binti mkono, na kwa kila mmoja binti alisema "Asante." Mzee wa kanisa alipofika alikuwa bado ameshika kipande cha ufunguo, uso umemshuka. Akamwonyesha.

"Nimevunja, binti yangu."

Binti akakitazama kile kipande, akamtazama mzee.

"Pole," alisema.

"Hiyo sasa imefika mahali pake!" Bibi Pasi akapaza sauti, na nyumba nzima ikalipuka. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mchana, watu walipokwisha kutawanyika, wakwe hao wawili waliketi kwenye benchi la wateja, mtoto katikati yao. Bibi Pasi akagusa koo lake, akagusa la mkwe. Binti akaelewa. Akamtamkia mstari wa kwanza wa wimbo polepole, neno kwa neno. Bibi Pasi akaurudia. Sijui alisema nini, lakini binti alicheka mpaka akashika ubavu. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika bado katika nyumba ile. Bibi Pasi akarudia tena makusudi, akaharibu zaidi.

Simu ikaita. Ni mwanawe.

"Mama, mbona nasikia vicheko? Kuna nini huko?"

"Tuna kazi," alisema Bibi Pasi. "Hebu nisaidie haraka, maana mkeo ananicheka. 'Nyota' kwenu huko mnaitamkaje?"