Barua za Shemeji kwa Herufi Kubwa

Miaka thelathini na moja nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, na atakayebisha shauri yake: nilikuwa nikipiga mluzi, herufi zinajipanga zenyewe. Kompyuta nilijifunza peke yangu baada ya kustaafu. Hiyo ukiipigia mluzi inakukodolea tu.

Dada yangu aliponiletea mfuko wa barua, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Zilikuwa barua za marehemu shemeji, fundi mitambo aliyeishi nusu ya ndoa yake nchi za mbali. Yeye aliandika Kiarabu, dada akamjibu Kiswahili, na hawakuwahi kubadilishana zamu. Mwandiko wa shemeji ulikuwa mdogo kama sisimizi wanaohama, na daktari alikuwa amempa dada miezi minne ya kuona. Alitaka kitabu kimoja tu, barua ya mume ukurasa huu, jibu lake ukurasa wa pili, kwa herufi kubwa, azisome mara moja ya mwisho kwa macho yake.

Nikamwambia mtaani yuko mwalimu anayeweza kumsomea. Alinitazama mpaka nikatafuta kitu cha kufanya jikoni.

"Maneno ya mume wangu niyasikie kwenye koo la mwanamume mwingine? Nimekuletea wewe kwa sababu huelewi hata neno moja humo."

Kweli tupu. Kiarabu nilikijua kwa sura, kama unavyowajua watu wa kituoni bila kujua majina yao.

Sasa, programu ya kupanga kurasa lazima uiambie: hapa Kiarabu kinaanza, hapa Kiswahili kinarudi. Niliiambia. Kiswahili kikatoka safi. Kiarabu kikatoka kimeanzia kushoto, neno la kwanza limekaa mahali pa la mwisho. Nilibadilisha maagizo wiki mbili nzima, nikaapa, nikaizima na kuiwasha, wapi. Mwisho nikafanya ujanja wa kiwandani. Nikashika kila mstari, nikayachapa maneno yake kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, mpaka kwenye kioo cha kompyuta ukafanana na barua. Barua mia moja na arobaini. Nilijiona bingwa.

Nilimpelekea dada ukurasa mmoja. Akasema niongeze ukubwa. Nikaongeza, akasema bado. Mara ya tatu nikazikuza herufi zikawa kama kunguru, nikachapisha barua kumi za kwanza bila kuzilinganisha tena. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha.

Alisoma akiwa amegusisha pua kwenye karatasi. Akarudia. Akaniuliza taratibu kama mume wake alikuwa mgonjwa wa akili bila yeye kujua, maana hapa anamuaga, kisha ndipo anamsalimu.

Nilikimbia kwa Miwani, msomaprufu wetu wa zamani, mama mkali kuliko kiwembe. Akaapa hatasoma barua hata moja, akakaa kwenye ukurasa wa maagizo peke yake. Kosa lilikuwa mstari mmoja. Nilikuwa nimeuweka chini ya mwingine, na programu ilikuwa ikiupita bila kuuona. Akaupandisha juu. Kiarabu chote kikageuka kuanzia kulia, kama inavyotakiwa, na kazi yangu yote ikageuka nayo, maneno ya mwisho yakakaa mbele kila mahali. Tena nilipozikuza herufi mistari ilikuwa imekatika upya, ya juu imemwagikia chini.

"Si tuigeuze yote kwa mpigo?" nikamuuliza.

"Umekata mistari kwa mkono hapa, pale umeiacha ijikate yenyewe. Programu itajuaje? Ungeniita siku ya kwanza, babu. Ulikuwa unapiga mluzi?"

Ilibidi kuchapa upya, na mwezi uliobaki usingetosha barua zote. Nikamuuliza dada tuanze na ipi. Akataka ya mwisho, ile aliyoiandika shemeji hospitalini. Alikuwa ameisoma mara moja tu, siku ya msiba, na machozi hayakumpa nafasi.

Niliichapa kwa siku mbili, nikailinganisha neno kwa neno, kidole kwenye barua na kidole kwenye kioo. Haikuwa na kosa. Asubuhi ya tatu nikampelekea. Alikuwa amekaa kizingitini, jua limempiga usoni wala hakupepesa.

Akaisogeza karibu. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mdogo wangu, maandishi yako upande gani?"

Mimi ambaye uongo haujawahi kunikauka mdomoni, nilisema, "Huo huo, dada."

Akailaza kwenye mapaja, akainyoosha kwa kiganja, kona moja baada ya nyingine.

"Basi nisomee wewe."

"Sijui kuisoma, dada."

"Najua," akasema, na hakunirudishia karatasi.