Mlango wa Banda la Kuku

Hasira niliyokuwa nayo siku ile, hata ugali haukupita. Lakini ngoja nianze na ubao, maana bila ubao hamtanielewa.

Shamba letu la mkonge lilikuwa kati ya Korogwe na Hale. Mimi nilikaa mizani, naandika uzito wa majani yanayoletwa na troli. Niliishia darasa la tatu, lakini tarakimu nazijua. Ukutani pale mizani palikuwa na ubao mweusi. Kila Jumamosi mchana tukitoka kazini tunakutana hapo: Gregori, mnyapara wa wakataji, na watu wa mashine, na akina mama wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge. Kila mtu anasema alichokiona wiki ile. Hosiana, mkubwa wa waanikaji, alikuwa na mdomo huyo mama!

"Gregori, singa za kitalu cha tano fupi kama nywele za mtoto. Kiache kipumue bwana!"

Watu wanacheka, Gregori anakiacha, mimi naandika. Naandika kwa msumari, sio chaki. Ile miaka ya vitu kuadimika chaki hazikupatikana, tukazoea kukwaruza.

Basi serikali ikauza shamba. Mwaka tisini na nane, mwezi wa nne, akaja meneja wa mwekezaji na kompyuta yake, na karani wa kuiendesha, Hashim. Hashim akaingiza madaftari yangu yote ya mizani. Ubao meneja akaukataa.

"Haya makwaruzo ya kuku yatoeni. Na vikao vyenu vya Jumamosi ni umbea tu. Kuanzia leo habari zote zinakaa ofisini."

Ofisi yenyewe ina kufuli. Rosa, mke wa Gregori, akauomba ule ubao, akafanya mlango wa banda la kuku.

Sasa sikilizeni kosa, na mimi nimo. Mwezi wa tatu, kabla meneja hajaja, Gregori alikata kitalu cha kumi na nne. Mvua ilikuwa imebeba reli ya troli ya huko, majani yakapitia njia ya kitalu cha tisa. Daftari letu tangu zamani linafuata njia ya troli, kwa hiyo nikaandika tisa. Ubaoni nikakwaruza: kumi na nne, kimekatwa. Hakuna aliyepotea, maana Jumamosi tuliongea. Lakini kompyuta ililishwa daftari peke yake. Ikajua kumi na nne hakijaguswa mwaka mzima.

Mwezi wa nane ikatoka karatasi: kateni kumi na nne. Gregori akaenda ofisini, akarudi kwangu mizani.

"Nimemwambia majani machanga. Ananiambia kompyuta ndiyo imesema, kata au toka."

Wakakata. Mkonge ukadumaa. Kufika mwezi wa kumi na moja majani mafupi, mashine inayatafuna yanatoka makapi. Meneja akamsimamisha Gregori mbele ya watu: wewe umekata mpaka kwenye moyo kwa tamaa ya malipo ya mafungu, umeniulia kitalu. Kazi basi. Nyumba ya kambi siku saba.

Mimi ningefukuzwa ningerudi kwetu Misima, Handeni, nikalime mahindi. Gregori arudi wapi? Babu yake aliletwa manamba, kibarua wa mkataba toka mbali, baba yake amezikwa palepale nyuma ya kambi. Nyie acheni.

Nikaenda kwake, nikashika ule mlango, nikaung'oa. Kuku wakatawanyika.

"Shemeji, umelewa?" Rosa ananipigia kelele.

"Bora ningelewa!"

Nikautia kichwani mpaka ofisini. Hosiana akaniona, akaja na wanawake wake nyuma.

"Mzee Shida, toa uchafu huo," meneja akasema. Kweli, mavi ya kuku yalikuwepo.

Hosiana akatemea mate pindo la khanga, akafuta. "Haya, kumi na nne hiyo. Mwezi wa tatu. Au na wewe hukusoma?"

Hashim akainama, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, akafungua daftari langu. "Meneja, tarehe ni zilezile. Uzito niliouweka kwenye tisa ni wa kumi na nne. Mnyapara hana kosa."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Hapo ndipo nilipolipuka. "Hatukukuambia? Gregori alisimama hapohapo akakuambia! Na daftari nimeandika mimi, kwa mkono huu. Miezi saba niko hatua ishirini toka mlango wako, hujaniuliza hata neno moja. Umeuliza chuma!"

Meneja akajifuta jasho. Akatazama dirishani, wakataji wamekaa chini na mapanga yao, hakuna anayekwenda kondeni.

"Sawa. Gregori abaki na kazi yake, na nyumba yake. Huo ubao uacheni hapa, Hashim aufungie kabatini."

Aufungie! Watoto, niliona giza. Nikaubeba tena kichwani.

"Huu ni mlango wa kuku wa Rosa. Ukitaka kujua kilichoandikwa, Jumamosi njoo mizani kama wengine."

Tukautundika palepale pa zamani. Kitalu kilikuwa kimeshakufa, mpaka leo nikikikumbuka naumia.

Jumamosi meneja hakuja. Alikuja Hashim, akatupa shikamoo sote mmoja mmoja, akakaa kwenye gunia pembeni ya Hosiana. Halafu akatoa msumari mfukoni, akaniuliza aanzie wapi.