Video ya Kesha la Wanawake

Nilimwambia Gillian nikarudia, tena macho kwa macho: hii video ni ya wanawake, aishughulikie yeye peke yake, mwanamke mwenzangu. Akaniitikia, "Sawa mamii, usijali." Nikamwachia flashi palepale kwenye duka lake la video, Ukunda, nikarudi zangu Munje roho imetulia. Mjinga mimi!

Ilikuwa video ya kesha la harusi yangu. Kesha letu mwanamume haingii, hata mpiga video huwa mwanamke, kwa sababu humo ndani mabuibui yametundikwa, vichwa viko wazi, leso ziko viunoni na chakacha inachezwa hasa. Marehemu mama yumo. Mama hakupenda kupigwa picha. Ukiondoa ile ya kitambulisho, hiyo video ndiyo pekee tuliyobaki nayo. Lakini ni faili ya zamani, ukiicheza kwenye televisheni za siku hizi nyuso zote ni ukungu mtupu. Gillian alisema ana programu ya kuigeuza iwe HD, nyuso zitakate. Nilitaka kumuona mama yangu, basi.

Siku ya kwenda kuichukua, nikaona kwa mbali watu wamejazana mlangoni pa duka. Vijana wa bodaboda, muuza miwa, na mzee mzima na kanzu yake. Nikajipenyeza. Lo! Kwenye televisheni kubwa ya dirishani, mama yangu anakata kiuno.

Na alikuwa ametakata kweli. Niliuona mwanya wake, nikaliona na baka la shingoni ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Mmoja ubavuni mwangu akapiga mluzi.

Sijui niliingiaje ndani. Ninachojua niliung'oa waya wa televisheni ukutani, ndipo akatokea Lennox, kijana anayefanya kazi na Gillian.

"Madam, pole pole! Hiyo screen ni ya pesa mob!"

"Nani amekwambia uiweke hapa?"

"Si ni sample tu? Watu waone vile ya zamani ilikuwa na vile imetoka. Na ni harusi tu, si kitu mbaya."

"Harusi tu? Mama yangu hata alipokufa alioshwa na wanawake nyuma ya mapazia, wewe unamtembeza barabarani! Huna haya? Wewe huna mama?"

Gillian akaja mbio na mfuko wake wa sokoni, akaanza kuapa kwamba alimwachia Lennox aiangalie mashine tu isizime. Aiangalie! Hilo ndilo nililomkataza.

"Ulijua, Gillian," nikamwambia. "Ulijua, ukaona ni mambo yetu tu ya pwani, hayana maana."

Nilimsimamia mpaka akaifuta kwenye kompyuta, nikaichukua flashi yangu nikatoka. Nje wale vijana walikuwa bado wamesimama, simu walizorekodia mikononi. Nikawapigia kelele waifute, laana zote nilizozijua nikawamwagia. Wakacheka.

"Ishaenda hiyo, mama, iko kwa magrupu," mmoja akasema.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo Mbodze, mdogo wake mama, ananingoja sebuleni. Usiku ule wa kesha yeye na mama walicheza pamoja, bega kwa bega.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, imetakata?"

Nilishindwa kumdanganya. Nikamweleza yote, machozi ya hasira yananichuruzika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Iweke tuione."

Nikafunga mlango kwa komeo, nikashusha mapazia. Tulikuwa sisi wawili tu ndani ya nyumba, wanawake peke yetu. Mama akatokea kwenye kioo cha televisheni, na ubavuni mwake mama mdogo mwenyewe, bado kijana, nywele ameziachia, anacheka. Nikamgeukia nikidhani naye atacheka.

Mama mdogo aliivuta leso yake kutoka mabegani, akajitanda kichwani, akaishusha mpaka usoni.

"Izime, mwanangu," akasema. "Wanatuona."