Saa Nane ya Daftari Langu

Idara yetu ya dharura ina madaktari wanaotibu, na ina madaktari wanaotibu huku wakiandika makala za utafiti. Bi Ushahidi ni wa kundi la pili. Jina hilo nilimpa mimi, karani wa mapokezi, kwa sababu huwezi kumwambia mvua inanyesha bila yeye kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Namna tunavyowapanga wagonjwa mlangoni siku hizi ilitoka kwenye makala yake ya kwanza. Kabla ya hapo aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyetangulia.

Jumatano moja alituita wote ukumbini, hata wafagizi. Alikuwa amemaliza makala yake kubwa, jarida limeshaikubali, na Ijumaa kamati ya vyeo ingekaa kuamua kama awe profesa. Makala ilihusu watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa bahati mbaya: miaka minne, watoto mia nne na kumi na wawili. Saa zao za kufika zilitoka kwenye daftari langu, na vijana wake wawili ndio walioziingiza kwenye kompyuta. Siku hiyo nilivaa gauni la harusi ya mdogo wangu.

Akawasha mchoro ukutani. "Wengi wanaletwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi," akasema. "Mama yuko mbioni, anawaandaa wakubwa kwenda shule, mdogo hana wa kumwangalia." Wachache, akaongeza, huletwa saa nane usiku. Ushauri kwa wazazi ulikuwa tayari: mchunge mtoto asubuhi.

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi sikuridhika. Asubuhi pale mapokezi ninakaa na wazee wa presha. Na mdomo wangu, kama wote wanavyojua, hauna breki.

"Daktari, samahani. Mtoto gani huyo anaamka saa nane usiku kunywa mafuta ya taa?"

Ukumbi ukacheka. Mkuu wa idara hakucheka. "Mama, hiki ni kikao cha kitaaluma."

"Na daftari ni langu," nikasema. "Hao watoto wanakuja mchana, jua kali. Nawaandika kwa mkono huu."

Bi Ushahidi akanyoosha mkono. "Lilete."

Nikalikimbilia na gauni langu la harusi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, palipoandikwa 8:10. "Hii ni saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi. Mchana."

"Si saa mbili asubuhi?"

"Saa mbili ningeandika mbili, Daktari. Kwani wewe saa nane unaandika ngapi?"

Fomu zote za hospitali zinahesabu saa kuanzia usiku wa manane, na saa nane mchana wao wanaandika 14. Mimi naandika ninavyosema, tangu nilipoajiriwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Vijana wakaona 8 wakajua ni asubuhi, wakaona 2 wakajua ni usiku. Watoto wangu wote wa mchana wakahamishiwa asubuhi, na wachache wa asubuhi wakatupwa usiku.

Mkuu wa idara akamsogelea Bi Ushahidi. Alinong'ona, ila sisi wa mbele tulisikia. "Jarida limeshakubali. Acha Ijumaa ipite, utarekebisha baadaye."

"Na wazazi?" akajibu kwa sauti. "Niwaambie wachunge asubuhi, watoto wanywe mchana?" Kisha akatugeukia. "Makala hii naiondoa. Kosa ni langu. Nimechambua saa za miaka minne bila kumwuliza anayeziandika."

Vijana wake walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuwataja. Wala mimi hakunilaumu. Nimewaona wakubwa wengi wakikosea, lakini anayekiri mbele ya wafagizi nilikuwa sijamwona. Nilimpenda siku ile, nasema wazi, na nilijichukia.

Ijumaa uprofesa akapewa mwingine. Jumatatu Bi Ushahidi akaja mapokezi amebeba kiti chake mwenyewe. Wiki tatu tulisoma madaftari yote, mimi nikitaja saa, yeye akiandika. Akaniuliza hata yasiyoandikwa: akina mama husema nini wanapofika?

"Lile lile," nikamwambia. "Mtoto alikuwa na kiu, na mafuta yalikuwa kwenye chupa ya maji."

Kalamu ikasimama. "Wote?"

"Karibu wote. Kwani nani aliniuliza?"

Makala mpya ilianzia hapo. Ushauri mpya ukabandikwa kliniki zote za mji: usiweke mafuta kwenye chupa ya maji, na mtoto apewe maji ya kunywa kabla jua halijawa kali.

Mwaka mmoja baadaye kamati ikampita tena. Nikapandwa na hasira, nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Uprofesa umeukosa kwa mdomo wangu. Nifukuze, nitukane, fanya lolote, lakini usiniamkie kila asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea!"

Akavua miwani. "Mwezi huu umeandika watoto wangapi wa mafuta ya taa?"

"Wawili."

"Mwezi kama huu mwaka jana?"

Nilikuwa nakumbuka. "Kumi na mmoja."

"Na hao wawili?"

"Wamerudi nyumbani wote. Mmoja alinitolea ulimi akitoka."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Alilia kweli, miwani mkononi, mabega yakimtikisika. Sikujua nimshike wapi. Nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama nje.

Mkuu wa idara akaja na karatasi zake. "Yumo?"

"Yumo," nikasema. "Subiri."

Akanitazama usoni, akasubiri.