Shindano la Astrid

Surua ilipofika mlimani kwao, juu kidogo ya Kashuga, ilibisha hodi karibu kila nyumba, ila kwa Papa Magloire haikuingia. Binti yake Astrid alikuwa anakimbia uani, mzima wa afya, mahindi ya kuchoma mkononi. Watu wakasema, ona basi, maombi ya Papa Magloire yana nguvu kweli.

Magloire ndiye aliyeongoza chumba cha maombi, na ndiye aliyewakataza watu chanjo. Alisikia sokoni kwamba inafunga uzazi wa wasichana, na Magloire akishasikia jambo, basi tena, hakuna wa kumtoa hapo. Mama yake, Godelieve, alimzaa, alimjua.

Kwa hiyo hakubishana naye. Mwaka uliopita alijitwika maharagi kichwani, akamfunga mjukuu wake Astrid mgongoni, akaaga kwamba anaenda soko la Kitshanga. Maharagi aliuza kweli. Lakini kwanza alipita kwenye kituo cha afya, Astrid akapigwa shindano, ndivyo kwao wanavyoita sindano, akalia, akanunuliwa ndizi, mambo yakaisha.

Yaliisha, alidhani. Sasa kila mama alipokuja kumsifu Magloire, Godelieve alitazama chini. Aliogopa. Mama mzee anayekula kwa mwanawe huogopa kumwaibisha mbele za watu. Watoto wawili wakazikwa hapo mlimani. Mmoja alikuwa Aurélie, binti wa jirani yao Victorine.

Asubuhi moja watu wa chanjo wakafika shuleni. Victorine akaja uani kwa Magloire, mtoto wake aliyebaki, Sylvain, yuko mgongoni. Godelieve alikuwa amekaa anamenya mihogo.

"Papa Magloire," Victorine alisema, "wananiita kule ku masomo. Mi siendi. Naona Astrid yako iko muzima. Uniombee tu uyu, njo mwenye alibakia."

Magloire akanyoosha mkono amguse mtoto kichwani. Kisu cha Godelieve kikasimama.

"Astrid alipigwa shindano," alisema.

"Nani?" Magloire aliuliza.

"Astrid. Njo mi nilimupeleka, ile siku ya maharagi. Victorine, peleka mutoto."

Magloire akaingia ndani na kufunga mlango. Godelieve alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mwanawe. Hakujiandaa kwa sauti ya Victorine, maana haikupanda hata kidogo.

"Mama Godelieve, siku ya kuzika Aurélie ulikuwa pembeni yangu. Ulinishika mukono. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Victorine akatoka. Godelieve akaacha mihogo yake hapo hapo, akamfuata nyuma. Kwenye foleni pale shuleni Victorine hakugeuka hata mara moja.

Zamu yao ilipofika, muuguzi akamwomba Victorine ampakate mtoto na kumshika vizuri asijitingishe. Victorine akajaribu. Sylvain akajipinda na kumponyoka, mara ya kwanza na ya pili. Mwishowe akamnyanyua Sylvain na kumweka mapajani kwa Godelieve, bila kumtazama usoni.

"Mushike weye," alisema. "Weye njo unajua namna wanashikaka."