Mama Kalisti Amefungiwa Kuimba

Kama kuna kitu kilimchosha Serafina, yaani Mama Kalisti, kuliko jua la Kishapu, ni katiba ya kwaya. Katiba inasema anayekosa mazoezi mara tatu mfululizo anafungiwa mwezi mzima: haimbi, havai sare, na kwenye mambo ya kwaya hana kauli. Yeye alikosa mara tatu. Wala hakuwa amelala. Alikuwa ndani ya shimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, anachota maji ya ng'ombe ndoo kwa ndoo, maana mume wake, Mabula, alikimbilia machimbo ya Geita tangu mwezi wa nane, akamwachia ng'ombe ishirini na sita na simu isiyopokelewa.

Sasa kilichomuuma zaidi ni hiki: wimbo wenyewe ni wake. Aliutunga humo humo shimoni, matope yamemfika magotini. "Nikichota maji nakusifu, nikisonga ugali nakusifu, kiuno kikiniuma nakusifu bado." Kanisa zima liliupenda. Mwalimu wa kwaya, Deusdedit, akasema huo ndio wimbo wa kurekodia video, na Mama Kalisti ndiye ataongoza. Serafina hakupata usingizi kwa furaha. Tangu azaliwe hajawahi kuwekwa mbele ya watu kwa jambo lolote jema. Halafu kiangazi kikakaza, akakosa mazoezi, akafungiwa. Wimbo akapewa Violeth, binti wa duka la vitambaa. Sauti anayo, hilo Serafina halikatai, ila ndoo anayoijua ni ile ya kuogea tu.

Yaani mtu amefungiwa kuimba kwamba anamsifu Mungu akichota maji, na kosa lake ni kuchota maji. Alimweleza Mwalimu hivyo baada ya ibada, kwa adabu zote. Mwalimu akamjibu kwamba anamwelewa sana, lakini katiba ni katiba. Serafina akarudi nyumbani, akasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika.

Jumamosi asubuhi yuko shimoni kama kawaida, ng'ombe wamejilaza ng'ambo chini ya migunga, akasikia gari. Kwaya nzima hiyo, sare za bluu, spika, na mpiga picha kutoka Kahama. Walitaka mahali penye maisha ya kawaida, Mwalimu alieleza, na katika mto mzima shimo lenye maji lilikuwa hilo moja. Wakamsalimu vizuri tu. Kisha Mwalimu akamwomba apande juu na asogee pembeni, maana anaonekana kwenye picha. Violeth ndiye atashuka kuchota.

"Mwalimu, kabla hamjaanza, kuna jambo kuhusu hawa ng'ombe," Serafina akasema.

Mwalimu akainua kiganja. Akamkumbusha, kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, kwamba mwezi wake haujaisha na aliyefungiwa hana kauli. Haya. Serafina akafunga mdomo, akapanda juu, akakaa mchangani na kukunja mikono. Si wanataka katiba? Watapata katiba.

Spika ikawashwa. Violeth akashuka shimoni, akachovya ndoo kwa vidole viwili huku akitabasamu. Kwaya ikaanza kuyumba kulia na kushoto. Ubeti wa pili haukufika. Ng'ombe ishirini na sita waliinuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo ule kwao una maana moja tu: birika la kunyweshea limejaa. Kila siku kwa miezi miwili Serafina alikuwa akiwaita nao waje kunywa. Basi wakaja. Walipita katikati ya sauti ya kwanza na sauti ya tatu, wakaangusha kamera na stendi yake, akina mama wakaparamia ukingo wa mto wamekusanya sare zao mikononi. Violeth alisalimika kwa sababu shimo lina uzio wa miiba, ila alimwita mama yake mara nyingi.

Birika lilikuwa tupu. Ng'ombe wakalizunguka, wakaanza kulia.

"Waondoe," Mwalimu akasema, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi.

Serafina akamwangalia tu. Mwalimu akaelewa, akasema katika hili anaruhusiwa kuongea.

"Hawaondoki mpaka wanywe. Mmewaita wenyewe. Mimi peke yangu nitamaliza saa nane mchana. Mpiga picha wenu anaondoka saa ngapi?"

Saa sita, mpiga picha alijibu. Mwisho Deusdedit akavua viatu, akakunja suruali, akamtoa Violeth shimoni na kushuka yeye. Ndoo ya kumi alikuwa anahema. Ya ishirini akashika kiuno. Ya thelathini akasimama, ameegemea mchanga, tai imelowa matope.

"Mama Kalisti," akasema taratibu, "humu ndani pumzi ya kuimba unaipata wapi?"

Serafina alikuwa na majibu aliyoyatunza wiki tatu, makali yote, ila akayaacha. Alimwonea huruma, na hilo nalo likamuudhi. Akaipokea ndoo, akaimimina kwenye birika.

"Mimi naanza," akasema. "Wewe itikia."

Akaanza, bado amekasirika, na kutoka chini Mwalimu akaitikia huku akimpandishia ndoo nyingine.