Nyanya wa Kau, Gai na Bus

Mhadhiri wa isimu aliirudisha video ya Istar ya kufundisha na maneno machache tu: "Unaongea kama kitabu. Tafuta watu uwafundishe, unitumie nyingine leo."

Istar alikuwa amerudi nyumbani Isiolo kwa arusi ya binamu yake, Samatar. Akawapigia simu aliosoma nao. Kila mmoja alikuwa na shughuli. Walibaki wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani. Akaegemeza simu kwenye sufuria, akaanza kurekodi.

"Eeddo, naomba mnisaidie," alimwambia shangazi yake Nasteha. "Leo nyinyi ni lugha."

"Sisi ni nini?"

Akawagawia neno moja, ng'ombe. Gaceri, jirani Mmeru, akapewa Kiingereza: kau. Shangazi akapewa Kihindi: gai. Ntinyari, mdogo wake Gaceri, akapewa Kigiriki cha kale: bus.

"Nyinyi ni wajukuu wa nyanya mmoja, lugha ya kale," Istar akaeleza. "Alikufa maelfu ya miaka iliyopita na hakuacha maandishi. Tumtafute kwa sura zenu. Neno lake la ng'ombe lilianza na sauti gani?"

"G," shangazi akajibu haraka. "Hata k ya Gaceri inatoka huku huku nyuma ya kinywa. Tuko wengi."

"Na mimi je?" Ntinyari akalalamika. "Mimi niliokotwa?"

Wakaangua kicheko. Istar alitaka kutoa jibu, akajizuia. Gaceri aliweka kisu chini, akawa anajaribu: ga, ba, ga, ba. Mara akakunja midomo kama anayepuliza chai.

"Gwa! Nyuma kunafanya kazi na midomo pia. Sisi tulirithi huko nyuma, Ntinyari akarithi midomo!"

"Ndiyo hiyo!" Istar akapiga kelele. "Gwous! Wataalamu huliwekea nyota mbele, maana hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa."

Ua mzima ukaanza kuita "gwous, gwous!" mpaka Samatar akachungulia kuuliza ni ng'ombe gani amepotea.

Istar akaituma video, na jibu la mhadhiri likafika kabla viazi havijaiva. "Sasa umefundisha. Hao wanawake wanaruhusu niionyeshe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza?"

Istar akawasomea. "Mwambie sawa," shangazi akasema, "lakini akate pale nilipokosea na g yangu."

"Hapo ndipo patamu, Eeddo."

"Haya mwalimu, kuja hapa." Shangazi akamsukumia beseni la vitunguu.